Kulinganisha hekta za Rwanda na za Kongo kunaficha shida ya Kivu

Tangu FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, itoe ripoti yake mupya ya misitu ya dunia, mwezi wa kumi 2025, mu magrupu ya WhatsApp ya hapa Goma watu wanatumiana majedwali ya kulinganisha Rwanda na Kongo, na kila mara hitimisho ni lile lile: Rwanda ndogo inapanda miti, Kongo kubwa inakata tu. Wengine wanaweka picha mbili, upande mumoja vilima vya Rubavu na mistari yake ya mikaratusi, upande wa pili kilima cha Masisi kimebaki uchi, ng'ombe wako wanakula majani juu yake. Mimi naona hiyo hesabu inasomwa vibaya, tena vibaya sana. Eneo la miti ya kupandwa haipimi ni nchi gani inapenda musitu. Inapima vitu viwili: uhaba wa kuni na mbao ulifika lini, na mutu mwenye anapanda muti iko na uhakika gani kwamba yeye mwenyewe njo ataukata. Ukisoma jedwali kwa macho hayo, utaona tunalinganisha vitu visivyolingana, juu Kongo nzima ni kipimo kikubwa mno, na ndani ya wastani wake Kivu inapotea, wakati Kivu njo sehemu ya Kongo yenye inafanana na Rwanda karibu kwa kila kitu isipokuwa karatasi ya shamba.

Tuanze na namba zenyewe. Mu ripoti ya FAO ya 2010, Rwanda iliandikwa hekta 248,000 za miti ya kupandwa kwa mwaka 1990, ikafika 282,000 mwaka 2000, kisha 373,000 mwaka 2010. Kongo, nchi yenye inaweza kuingiza Rwanda mara karibu 89, iliandikwa hekta 56,000 mwaka 1990, halafu 57,000 mwaka 2000, 58,000 mwaka 2005, na 59,000 mwaka 2010. Kwa miaka 20 jirani aliongeza hekta 125,000, sisi tuliongeza 3,000. Ukiishia hapo, kweli unasikia haya, na naelewa mutu mwenye anaona hizo namba anakasirika na kuandika maneno makali.

Lakini angalia vizuri hiyo safu ya Kongo. Hamsini na sita, hamsini na saba, hamsini na nane, hamsini na tisa. Watu hawapandake miti hivyo. Nchi ilipita mu vita mbili, leta, ni kusema serikali, ilivunjika, vituo vya utafiti viliporwa, lakini jedwali linaendelea kupanda hatua moja moja kama ngazi, na hiyo ni alama ya namba ya kukadiria ofisini, yenye hakuna mutu alienda kuhesabu ku shamba. Mashamba ya akasia ya Mampu, ku plato ya Bateke karibu na Kinshasa, ni karibu hekta 8,000 na yalipandwa kati ya 1987 na 1993, sehemu ya kazi hiyo iliangukia baada ya 1990, na bado kutoka 1990 mpaka 2000 jedwali linaongeza hekta 1,000 tu. Safu ya Rwanda nayo ina ajabu yake. Inaruka kutoka 1990 mpaka 2000 na kuonyesha kuongezeka, hakuna hata alama ya 1994, mwaka wa jenosidi dhidi ya Watutsi, mwaka wenye mamilioni ya watu walihama makwao na miti mingi ikakatwa kwa kupika na kwa kujenga vibanda. Mutu anayetaka kusoma historia ya miti mu hiyo mistari miwili atasoma historia ya makarani.

Tena kuna shida ya kipimo. FAO inaita musitu ardhi ya kuanzia nusu hekta, yenye miti ya kufikia metre 5 na matawi yanayofunika angalau asilimia 10 ya uwanja. Rwanda kwa hesabu zake za ndani inaanzia robo hekta. Mu nchi yenye mashamba ya miti ni vipande vidogo vidogo ku mipaka ya mashamba ya maharagi, hiyo robo inabadilisha mengi. Ramani ya misitu yenye Rwanda ilitoa 2019 inasema hekta 724,695, ni kusema asilimia 30.4 ya nchi, na ndani yake hekta 387,425 ni miti ya kupandwa, zingine ni musitu wa asili wa milimani, savana yenye miti, na vichaka. Mwaka moja tu baadaye FAO ikaandika kwamba Rwanda yote iko na hekta 276,000 za musitu, asilimia 11.2. Weka hiyo 276,000 pembeni ya ile 373,000 ya 2010: shirika ni lile lile, na musitu WOTE wa 2020 ni mudogo kuliko miti ya kupandwa peke yake ya miaka kumi kabla. Hakuna mutu aliiba musitu usiku, hesabu ilifanywa upya. Ya Kongo iko vilevile, ripoti ya 2010 ilisema hekta milioni 154, ya 2020 ikasema milioni 126, ya 2025 inasema milioni 139. Hizo milioni 13 hazikuota kwa miaka mitano. Satelaiti na njia ya kuhesabu njo vilibadilika. Kwa hiyo mutu mwenye anachukua namba ya ripoti moja na kuilinganisha na ya ripoti ingine, akachora mushale wa kupanda ao wa kushuka, anachora kitu chenye hakiko.

Sisemi kwamba tofauti haipo. Hata ukisahihisha makosa yote ya makarani, Rwanda iko na miti ya kupandwa mara nyingi kuliko Kongo, na ukigawanya kwa ukubwa wa nchi pengo inakuwa kubwa ya kutisha. Swali la maana ni kwa nini. Mikaratusi iliingia Rwanda na wamisionari mwanzoni mwa karne ya 20, na miaka ya 1930 wakaanzisha shamba la majaribio la Ruhande, kule Butare, kwa kujaribu aina za miti ya kigeni. Nchi ilikuwa tayari imejaa watu na musitu wa asili umerudi nyuma mpaka ku vilele vya milima. Leo, kwa hesabu ya watu ya 2022, ni watu milioni 13.2, ni kusema 503 kwa kilomita moja ya mraba. Musitu wa asili wa milimani wenye ulibaki ile ramani ya 2019 inauhesabu hekta 130,850, na sehemu kubwa ni Nyungwe, kisha parke ya volkano na Gishwati-Mukura, zote ni parke zinalindwa. Sasa mutu wa Nyamagabe ao wa Gicumbi anataka kuni, anataka nguzo ya nyumba, anataka muti wa kushikiza maharagi: atatoa wapi? Anapanda. Alipanda baba yake, atapanda mutoto wake. Hizo hekta zilizaliwa na njaa ya kuni, na ni heshima kubwa kwa wakulima wenye walijibu hiyo njaa kwa mikono yao, lakini tusiziite upendo wa musitu.

Mwenye haamini aangalie Gishwati, juu ya Gisenyi, karibu kabisa na sisi. Miaka ya 1970 musitu ule ulikuwa bado na hekta karibu 28,000. Miaka ya 1980 ikakuja proje moja, Benki ya Dunia ikatia feza, sehemu kubwa ya musitu wa asili ikaondolewa na kugeuzwa malisho ya ng'ombe na mashamba ya pinusi. Halafu baada ya 1994 watu wenye walikuwa wanarudi kutoka ukimbizini wakapata makao mulemule, wakalima, na miaka ya 2000 ilipoanza musitu wa asili ulikuwa umebaki karibu hekta 600. Maji ya mvua hayakuwa tena na kitu cha kuyashika, udongo ukaanza kushuka, na leta ya Rwanda ikalazimika kurudi kupanda na kulinda, mpaka Gishwati-Mukura ikawa parke ya taifa. Sasa jiulize hizo pinusi za miaka ya 1980 ziliandikwa upande gani wa jedwali. Ziliandikwa upande wa kuongeza! Nchi ilipoteza musitu, na safu ya miti ya kupandwa ikanenepa. Ndiyo sababu nasema hiyo safu peke yake haiwezi kuwa cheti cha tabia nzuri.

Upande wa Kongo sababu ni ya kinyume na haihitaji maneno mengi. Wabelgiji walipanda limba, muti wa mbao, kule Luki, mu Mayombe, juu walitaka mbao karibu na bandari, na watafiti wao wakaandika mengi juu ya njia ya kuipanda. Lakini mwenye kampuni ya mbao kule Ekwateri ao Tshopo iko na miti ya asili ya miaka mia mbele yake, atapanda ya nini na angojee miaka 30? Mampu ilifaulu juu ya Kinshasa: muji mukubwa, nyasi kavu pembeni yake, makala, ni kusema mukaa wa kupikia, inazidi kutoka mbali. Palipo uhaba palipandwa, hata Kongo. Sheria haikubadilika pale, mila haikubadilika, uhaba tu njo ulifika.

Na hapo tunafika ku neno lenye linaniumiza zaidi, lenye linarudiwa na vijana wetu wenyewe: eti Wanyarwanda wako na nidhamu, sisi ni wavivu. Katika hoja zote hii njo ya chini kabisa, na watu wanaisema kwa sauti kubwa kuliko zingine. Wanataja umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi, yenye kila raia anatoka na jembe. Ni kweli umuganda umepanda miti mingi. Lakini sisi pia tulikuwa na salongo wakati wa Mobutu, kazi ya lazima ya kila juma, wazee wetu walifagia barabara na kupanda miti wakiimba, na musitu haukubaki. Kazi ya lazima inapanda muche, haikuze muti. Muti unakuzwa na mwenyewe, yule anayeenda kuangalia kama mbuzi imekula, anayeng'oa majani, anayefukuza moto wakati wa kiangazi. Na ukitaka kuona kama Mukongomani anajua kufanya hiyo kazi, panda gari uende Lubero, uangalie vilima vya kuzunguka Butembo: mikaratusi kila mahali, ya familia, ya mapadri, ya wafanyabiashara, yenye ilipandwa bila umuganda na bila hotuba ya mutu. Tangu 2007 proje ya EcoMakala ya WWF, shirika la kulinda mazingira, ilipoanza kutoa miche na pesa kidogo kwa wakulima wa kuzunguka parke ya Virunga, maelfu ya hekta zilipandwa Kivu ya Kaskazini, mikaratusi, grevilea, akasia, na ma asosiasio za wakulima zilikuwa zinaomba miche mingi kuliko pepinyeri, ni kusema kitalu cha miche, ilikuwa inaweza kutoa. Hao njo wavivu? Tena ilikuwa vita inaenda na kurudi wakati wote huo.

Kitu chenye kinatofautisha Butembo na Masisi, na chenye kinatofautisha Kivu na Rwanda, ni haki ya ardhi. Jamaa zetu wa Bushi, upande wa Bukavu, wanajua hii vizuri kuliko profesa yeyote. Kule kuna kalinzi, unatoa mbuzi ao ng'ombe kwa mwami, shefu wa mila, ao kwa mwenye ardhi na shamba linakuwa lako, linarithiwa na watoto wako, unaweza kupanda migomba, kahawa, miti. Na kuna bwasa, unakodi kipande kwa msimu, unalima maharagi na mihogo, basi. Mwenye bwasa hana ruhusa ya kupanda kitu chenye kinadumu, na mwenye ardhi hakatazi hivyo kwa ubaya, anakataza juu muti njo ushahidi: ukishapanda muti mahali, kesho utasema mahali ni pako, na majirani watakubali. Masisi ni vilevile kwa namna yake. Sehemu kubwa ya vilima iko mu konsesio, mashamba makubwa yenye yalipitia mikononi mwa walowezi, kisha zayirianizasio ya 1973, wakati Mobutu alinyanganya wageni mali zao, ikazigawa kwa wakubwa, zikawa malisho. Mukulima anaishi pembeni, anakodi kwa siku za kazi ao kwa gunia la mavuno, na mwaka ujao hajui kama atalima palepale. Mutu kama huyo akipanda mukaratusi wenye unahitaji miaka saba, anapandia nani?

Rwanda, kati ya 2008 na 2013, ilipima na kuandikisha vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10, mume na mke majina yao ku karatasi moja. Kuna mengi ya kuuliza juu ya ile kazi, kuna watu walilalamika, na mpaka leo mukulima wa Rwanda anahitaji ruhusa ya kukata muti wake mwenyewe. Lakini karatasi iko. Kongo sheria ya 1973 inasema ardhi yote ni ya leta, haki ya ardhi ya mila imeachwa mu giza, na sheria ya misitu ya 2002 iliandikwa zaidi kwa kufikiria makampuni ya mbao na musitu mukubwa wa bonde kuliko kipande cha nusu hekta cha mama wa Rutshuru. Nikichukua hekta moja ya mikaratusi, ukipanda kwa kuachanisha metre mbili na nusu, inaingiza miche 1,600. Kuilinda ni kazi ya miaka mitatu ya kwanza, kungojea ni miaka mingine ine, halafu unakata na kisiki kinatoa machipukizi, unakata tena, mpaka mara tatu ao ine kwa muche ule ule. Faida yote iko mu yale machipukizi ya pili na ya tatu. Ni kusema mukaratusi unamulipa mutu mwenye atakuwa bado palepale kisha miaka 15. Hakuna proje ya ONG, shirika lisilo la leta, ya miaka mitatu inaweza kununua hiyo.

Kuna hoja ingine yenye iko na nguvu zaidi, na watu wenye wanaisema si wajinga: Kongo iko na musitu wa asili wa hekta zaidi ya milioni 100, kupanda ni kupoteza pesa, afazali kulinda yenye iko. Kwa Tshopo, kwa Ekwateri, kwa Walikale hata, nakubali kabisa. Hekta moja ya musitu wa asili yenye imelindwa inapita hekta kumi za mikaratusi kwa kila kitu, maji, nyama, dawa, hewa. Lakini hoja hiyo inakufa ikifika Sake, hapa karibu na Goma. Musitu wa Ekwateri haupikie mutu wa Goma chakula. Makala haiwezi kulipa safari ya kilomita elfu ku barabara zenye haziko, kwa hiyo inatoka pale karibu, na karibu na Goma musitu wa asili ni moja tu, ni Virunga. WWF ilipochunguza, miaka ya 2000 hivi, ilikuta karibu asilimia 80 ya makala ya Goma inatoka ndani ya parke. Mwaka 2007 sokwe wa familia ya Rugendo waliuawa na uchunguzi ukaelekea ku biashara hiyo hiyo ya makala. 1994 kambi za Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo zilikula musitu kwa kupika tu, na kutoka 2022 mpaka mwanzo wa 2025 tukaona kitu kile kile, watu walikimbia vita wakajaa mu kambi za Kanyaruchinya na Bulengo, mama alikuwa anatoka saa kumi na moja asubuhi kwenda kutafuta kuni mu parke, anajua anaweza kukutana na mwenye bunduki na anaenda, juu watoto hawawezi kula unga mubichi. Kivu ya Kaskazini peke yake iko na kilomita za mraba 59,483, mara mbili ya Rwanda na zaidi, lakini ukitoa Walikale na misitu ya Beni, na ukiweka uzio wa parke, yenye inabaki ni vilima vyenye kujaa watu, udongo wa volkano, muji mukubwa wa nyumba za mbao juu ya lava, na ku kila barabara chukudu, kile chombo cha kusukuma mizigo chenye chenyewe pia ni mbao. Hiyo ni Rwanda kabisa! Uhaba wetu ulishafika zamani. Wastani wa Kinshasa njo hauuoni.

Ya tatu, watu wa mazingira wanasema mukaratusi si musitu, unakunywa maji, unakausha chemchemi, hakuna ndege anakaa mule. Hapa nasimama katikati. Kupanda mukaratusi ku bonde la maji ni kosa, na vilima vyenye kupandwa aina moja tu vinakuwa kimya, nimetembea mu mashamba hayo na kweli unasikia viatu vyako tu ku majani makavu. Lakini gunia la makala ya mukaratusi likiingia soko la Birere, ni gunia moja lenye halikutoka Virunga, kama bei inakubali. Hapo njo pagumu. Muti wa parke haukupandwa na mutu, haukuchungwa, mwenye kuuchoma analipa tu kodi za barabarani na za wenye silaha. Mukulima wa miti amelipa ardhi, miche na miaka saba. Wakishindana bei, mukulima anashindwa. Kwa hiyo kupanda bila kulinda parke hakuokoe musitu, na kulinda parke bila kupanda kunaacha muji bila moto wa kupikia, hata na umeme wa mutambo wa maji wa Matebe wenye ulianza mwisho wa 2015, juu nyumba nyingi zinawasha taa na redio na umeme na kupika na makala.

Rwanda yenyewe imepitia hapo. Miaka ya 2000 walipobana uchomaji wa makala, makala ya upande wetu ilivuka mupaka, kwa hiyo sehemu ya kijani ya Rubavu ya wakati ule ililipwa na miti ya Virunga, na hakuna jedwali linaandika hiyo. Baadaye hali ilibadilika, na leo makala ya Kigali inatoka zaidi ku mikaratusi ya watu binafsi, na hiyo ni mafanikio makubwa yenye nasema bila wivu. Lakini mashamba mengi ni ya zamani, visiki vimekatwa mara nyingi mno, vinatoa fito nyembamba, na wataalamu wao wenyewe wanaandika kwamba hekta ziko ila mbao ni kidogo. Hekta ya visiki vilivyochoka na hekta ya Mampu zinahesabiwa sawa mu jedwali.

Ndiyo maana naogopa ahadi kubwa zaidi ya kitu kingine. Mu mpango wa Bonn, ahadi ya nchi nyingi ya kurudisha misitu, Rwanda iliahidi kurudisha hekta milioni 2, nchi yenye yote ni hekta milioni 2.6, ni wazi haiwezi kuwa musitu, ni miti katikati ya mashamba na kuzuia mumomonyoko, na ni kitu kizuri kikiitwa kwa jina lake. Kongo iliahidi milioni 8, eneo kubwa kuliko Kivu ya Kaskazini nzima. Mwisho wa 2019 rais akatangaza miti bilioni moja mpaka 2023. Tupige hesabu: kwa miche 1,600 kila hekta, bilioni moja ni hekta 625,000, karibu mara kumi na moja ya hekta 59,000 zenye FAO ilituandikia, na zaidi ya miti yote ya kupandwa ya Rwanda. Kazi kama hiyo ingeonekana kwa macho kutoka ku ndege. Halafu mwezi wa kwanza 2025 ikakuja amri ya korido ya kijani, eneo la kulindwa kutoka Kivu mpaka Kinshasa, kilomita za mraba zaidi ya 500,000. Ahadi hizi zote zinahesabu hekta na miche. Hakuna yenye inahesabu mikataba ya ardhi, ao miche mingapi iko bado hai kisha miaka mitatu, ao gunia ngapi za makala ya kupandwa ziliingia soko.

Kama mutu ananiuliza tulinganishe nini basi, ningesema tulinganishe Masisi na Nyabihu, Rutshuru na Musanze, Kabare na Rusizi. Tuweke mu jedwali umri wa miti, mwenyewe ni nani, iko na karatasi ao haina, na moto wa mjini unatoka wapi. Kazi hiyo haihitaji satelaiti ya bei, wanafunzi wa agronomia wa Goma, Bukavu na Butembo wanaweza kuifanya na GPS ya simu, tena wengi wanaitamani. Na kitu kimoja kinaweza kuanza bila kungojea Kinshasa wala amani kamili: mwenye konsesio na mukulima kuandikiana, mbele ya shefu na mashahidi, kwamba miti ni ya aliyepanda hata kama ardhi si yake, na kwamba wanagawana kila mavuno, tuseme theluthi kwa mwenye ardhi na theluthi mbili kwa mupandaji, mpaka machipukizi ya tatu. Hapo mwenye ardhi haogope tena muti kuwa ushahidi dhidi yake, maana karatasi imesema wazi ardhi ni ya nani na muti ni wa nani. Kuna wenye mashamba kule Masisi wenye wamechoka na vilima vinavyoteremka mu bonde kila mvua kubwa, watakubali kusikiliza, na wakulima wenye hawana ardhi ni wengi. Miche ya grevilea na akasia inapatikana, na mvua ya mwezi wa tisa njo wakati wa kupanda.